Nguzo ya Mashineni

Siku kamati ya maporomoko ya ardhi ilipokutana kuchagua kigeuzi, Nakijwa, fundi wao, alikuja na beseni la mchanga mbichi, redio ndogo, na visanduku viwili vyeusi visivyozidi ukubwa wa kopo la maziwa. Aliiwasha redio, ikaanza kulia kwa sauti ya mtoto. Akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuizika mchangani, akashindilia kwa viganja mpaka wajumbe hawakusikia kitu. Kisha akachomeka masikio manane ya kunasa sauti kuzunguka beseni, kila moja dogo kama punje ya mahindi, na mwisho akawasha jenereta la ofisi lililokuwa nyuma ya dirisha, ili kelele yake ishike nafasi ya mvua.

Kisanduku cha kwanza kilionyesha doa jekundu kwenye kioo. Doa lilikaa katikati ya beseni, likaruka pembeni, likarudi, likaruka tena kama nzi asiyejua atue wapi. Nakijwa akahamisha waya kwenye kisanduku cha pili. Doa likatulia mahali pamoja. Mwenyekiti Sekiete akachukua kalamu yake, akaidunga mchangani palepale penye doa, na kalamu ikagonga redio.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa Kwamsanda walikuwa wamezika sana kwa miaka ile.

"Sasa tofauti yake ni nini?" aliuliza Sekiete. "Maana kwa macho yangu ni mapacha hawa."

"Hiki cha kwanza ni kigeuzi cha zamu, Mwenyekiti. Kazi ya kigeuzi ni kupokea sauti na kuifanya namba, ili mashine iweze kupiga hesabu. Hapa masikio ni manane lakini mpimaji ni mmoja. Anapima la kwanza, anakwenda la pili, anakwenda la tatu. Ni kama muuguzi mmoja kwenye wodi ya vitanda vinane. Akifika kitanda cha mwisho, homa ya yule wa kwanza imeshabadilika, na yeye bado amebeba namba ya zamani."

"Vitanda vinane?" Bi Nalinga alicheka kidogo. Alikuwa muuguzi wa zahanati mpaka alipostaafu, na ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote kwenye kamati. "Hiyo wodi yako ya wapi, mwanangu, nikaombe kazi? Mimi nilikuwa na thelathini, na wengine chini ya vitanda. Na nilijua nimechelewa kiasi gani, nikajumlisha kichwani. Si na hicho kijumlishe?"

"Kingejumlisha, Bibi, kama huko kuchelewa kungekuwa kulekule kila siku. Joto likipanda kunabadilika. Unyevu ukiingia kunabadilika. Halafu muuguzi huyu hanawi mikono. Akitoka kwenye sikio lenye kelele, mabaki ya kelele anaingia nayo kwa jirani."

"Hapo umeniweza."

"Na ndani ya mwamba sauti inakimbia kuliko hewani. Huko kuchelewa kudogo, ukikupeleka mlimani, ni kukosea kutoka hapa nilipo hadi mlangoni."

Wote waligeuka kuutazama mlango, na waliporudisha macho hakuna aliyemtazama Nakijwa usoni. Kila mmoja pale alikuwa kwenye kuchimba masika yaliyopita. Masikio ya zamu yalisema jikoni, wakachimba jikoni, huku sauti inawafikia kabisa, inamwita mama. Walipofikiria kwenda upande wa ghala, sauti ilikuwa imenyamaza. Mtoto wa Nakijwa, Kajiru, alikuwa na miaka mitano, na hakuwa na mwingine. Baba yake alishatangulia.

"Hiki cha pili ni cha pamoja," Nakijwa aliendelea, kwa sauti ileile ya kazi. "Kila sikio lina mpimaji wake. Katikati kuna kijiwe kinachopiga mpigo, na wote wanausubiri mpigo huo mmoja. Ukigonga, wote wanapima papo hapo. Kinakula umeme zaidi, kinapata joto, na kijiwe kikiharibika hapa nchini hakipatikani, kinaagizwa ng'ambo. Lakini hakikisii."

"Na mvua ikiwa kubwa kabisa?" Bi Nalinga aliuliza. "Ile ya kupiga bati mpaka humsikii hata unayelala naye?"

"Kitachambua. Kwa kuwa kinapima masikio yote kwa wakati mmoja, kelele inayotoka upande huu kinaijua na kuitoa. Kinachobaki ni sauti ya upande mwingine. Hata ikiwa mnong'ono."

"Hata mnong'ono," Sekiete alirudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wajumbe nao wakaridhika, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaifikiria mvua. Nakijwa naye aliifikiria mvua. Alijua kwamba duniani kuna kelele nyingine na minong'ono mingine, lakini alilijua hilo kama anunuaye kisu cha mboga anavyojua kwamba kinakata na vidole. Mama mwenzangu unayesoma, usiseme wewe ungeuliza. Mwenye mtoto chini ya mlima unaotembea haulizi kisu kinakata nini kingine. Anauliza kama kina makali.

Walichagua cha pamoja kwa kauli moja.

*

Nguzo zilisimamishwa kabla ya masika, kila moja na masikio manane: manne yamezikwa hadi kwenye mwamba na manne juu hewani, maana anayefukiwa huweza kusikika kupitia tundu la juu pale ardhi inapoziba. Moja ilisimama shuleni, moja kanisani, moja kwenye mashamba ya tangawizi. Nyingine ilisimama penye mashine ya kusaga, na hiyo ndiyo iliyolinda nyumba zilizo chini ya genge, ule ukingo mkali wa mlima.

Genge lilishuka asubuhi moja, watu wakiwa bado na vikombe vya chai mikononi. Lilichukua nyumba ya Mbonea na mkewe Namkunda. Wenyewe walikuwa uani wakapona. Mtoto wao, Senzia, alikuwa ndani.

Mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba waliokuja na majembe walisemezana kwa mikono. Nakijwa alisimama kwenye tope na kioo chake chini ya kipande cha turubai. Doa lilikuja, likatulia. Alitembea mpaka mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angesema si penyewe, mbali na mahali nyumba ilipokuwa, karibu na choo cha jirani, akasimama hapo akaonyesha chini ya miguu yake.

Mbonea alichimba kwa jembe, jembe likavunjika mpini, akachimba kwa mikono. Wakamtoa Senzia ameshika mguu wa meza, macho wazi, mdomo umejaa udongo, na alipopata pumzi kitu cha kwanza alichofanya ni kulalamika kwamba kiatu kimoja hakipo. Mbonea alikaa kwenye tope akalia kama mtoto. Namkunda hakulia. Alimfunga binti yake mgongoni kwa khanga iliyolowa, akamshika Nakijwa mkono, akaukaza mpaka ukauma.

"Mama Kajiru," alisema.

Tangu siku ile wapita njia wakawa wanaigusa nguzo kwa kiganja kama wanavyomgusa bega mtu wa kwao. Watoto walipewa onyo wasiirushie mawe. Mbonea na familia yake wakapewa chumba nyuma ya ofisi ya kijiji.

*

Sasa lazima niieleze mashine ya Kwamsanda, kwa kuwa kijiji kingine hakina desturi hii.

Mashine ile ilikuwa kongwe, ya mkanda, na kelele yake ilitetemesha meno. Wanaume hawakuingia, walishusha gunia mlangoni na kusubiri barabarani. Ndani, mkanda ukizunguka, wanawake walisogezeana midomo masikioni wakasema yale ambayo nyumbani hayana pa kusemewa. Nani ana uvimbe na anaogopa kwenda kupimwa. Nani mimba yake si ya mumewe. Nani anapigwa, anapigwa wapi, na anatumia nini kuficha alama. Mkanda ukisimama, mdomo unafungwa, na lililosemwa halitoki nje na unga. Bibi zao walifanya hivyo. Binti akivunja ungo alipelekwa kwanza mashineni, akaambiwa: hapa ndipo. Ndiyo maana hata walipoona nguzo inasimikwa hatua chache kutoka mlangoni, hakuna aliyeshtuka. Kelele ilikuwa ukuta wao, na nani amewahi kuona ukuta unachambuliwa?

Ilikuwa katikati ya masika Mbonea alipokuja kwenye chumba cha kazi cha Nakijwa pamoja na Mwenyekiti Sekiete. Mbonea alikuwa hajanyoa. Alivua kofia.

"Mama Kajiru, Senzia hayupo. Mama yake hayupo. Siku ya tatu leo."

Nakijwa aliacha kazi aliyokuwa anaifanya. "Mmetafuta kwenye korongo?"

"Korongo, mtoni, kwa wakwe, kote," alisema Sekiete. "Mara ya mwisho Namkunda alionekana mashineni na debe la mahindi. Nguzo inatunza ilichosikia mpaka mwezi uishe, sivyo? Basi toa kelele ya mashine, utusikilizie alisema nini. Masikio yalimtoa yule mtoto kwenye tope. Yamtoe mara nyingine."

"Hayakuwekwa kusikiliza watu, Mwenyekiti."

"Yaliwekwa kutafuta waliopotea. Huyu amepotea. Au mpaka afukiwe kwanza?"

Mbonea alikuwa anaikunja kofia. "Wewe unajua," alimwambia Nakijwa taratibu. "Hapa kijijini hakuna anayejua kupotelewa na mtoto kama unavyojua wewe."

Hilo ndilo lililomwingia. Aliwaomba wasubiri nje, akafunga mlango, akavaa vipokea sauti.

Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyotegemea, na wepesi huo ulimtisha. Mashine ilikuwa mahali pamoja, haitembei, mlio wake uleule. Aliionyesha hesabu mahali mashine ilipo, na kwa kuwa yale masikio yalikuwa yamepima kwa mpigo mmoja, mlio ukajivua kama ganda la kitunguu. Wanawake wakabaki. Walikuwa wanane au tisa, na kila mmoja alisikika peke yake, utadhani Nakijwa amekaa katikati yao juu ya gunia.

Alisikia sauti ya mke wa mchungaji na akaipita haraka, uso ukimuwaka. Alisikia sauti ya Bi Nalinga ikimwambia mtu kwamba mkojo wake mwenyewe Bibi una damu, na kwamba wanawe wasiambiwe. Akaipita. Halafu akamsikia Namkunda.

"...safari hii alimshika mtoto, siyo mimi. Alimbana shingo kwa sababu amemwaga chai. Nikamwambia Mbonea, ulimchimbua kwa mikono hiyohiyo. Akalia, akapiga magoti. Analia kila mara, dada. Nampeleka kwa shangazi yangu, kule kwenye mkonge, nyuma ya stesheni ya zamani. Akitufuata huko, sina pengine."

Nakijwa alivua vipokea sauti. Nje ya mlango Mbonea alikuwa anakohoa. Kikohozi kilikuwa cha mtu aliyechoka, na kilikuwa cha huzuni ya kweli. Huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Alikaa. Angeweza kusema hakusikia kitu. Sekiete angemwita fundi mwingine kutoka mjini, kijana yeyote aliyesoma, naye angesikia kile kile kabla chai yake haijapoa. Angeweza kufuta sauti za siku ile moja. Lakini wanawake wangerudi mashineni kesho na keshokutwa, wakasogezeana midomo vilevile, wakidhani wana ukuta. Na kesho angepotea mke mwingine, na mlango huu ungegongwa tena na mtu aliyevua kofia.

Ili masikio yasisikie, ilibidi yaache kupima pamoja. Na yakiacha kupima pamoja, anayefukiwa chini ya genge atalia, watu watamsikia, na watachimba jikoni.

Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitazama kwa muda. Kisha akafungua mlango.

"Mtoto yuko hai," alisema. "Yuko na mama yake."

Mbonea alishika mlango. "Wapi?"

"Mwenyekiti, masikio yaliwekwa kujibu kama mtu yuko hai. Nimejibu."

"Na mahali pia," alisema Sekiete. "Kalamu yangu niliidunga mimi mwenyewe. Hai na mahali, yote mawili."

"Mahali ni pa kumchimbua. Yeye hajafukiwa."

Mbonea alimtazama, na Nakijwa aliona uso ule ukibadilika, machozi yakiwa bado yapo, kitu kingine kikija nyuma yake. "Umesikia anasema nini kunihusu? Mke wangu ana maneno. Mama Kajiru, mimi nilimchimbua mwanangu. Wako hatukumpata, nakuelewa una uchungu, lakini usinipokonye wangu."

Nakijwa alilipokea neno lile, akaliweka palepale alipozoea kuweka maneno ya watu kuhusu Kajiru. "Nenda nyumbani, Mbonea," alisema.

"Kesho asubuhi naleta fundi kutoka wilayani," Sekiete alisema bila hasira. Alikuwa mtu wa haki, kwa jinsi alivyoielewa. "Na funguo za nguzo utanikabidhi."

"Kesho nitakukabidhi."

*

Jua lilikuwa bado juu alipofika mashineni. Mkanda ulikuwa unazunguka. Aliingia mpaka kwenye swichi, akaizima, na ule ukimya ulipoanguka wanawake walibaki wameinamiana, wengine mdomo wazi, kama watu waliofumaniwa.

"Nani amefariki?" aliuliza Bi Nalinga, maana mashine haikuzimwa katikati ya debe ila kwa msiba.

"Hakuna, Bibi. Naomba mnisikilize." Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hawakuwahi kuzungumza mle bila mlio, kila neno lilisikika kubwa mno. "Nguzo inawasikia. Mashine haiwafichi. Kigeuzi kinaitoa kelele kinawaacha ninyi. Leo nimesikiliza. Nilitaka kumtafuta Senzia, nikawasikia wengine. Sitasema nilichosikia, lakini nimekisikia."

Walimtazama. Mke wa mchungaji aliokota khanga yake akajifunika mabega taratibu, ingawa kulikuwa na joto. Bi Nalinga alikaa juu ya gunia.

"Tulikuuliza kuhusu mvua," alisema hatimaye.

"Mliniuliza kuhusu mvua."

"Nawe ulijua."

"Nilijua, Bibi. Nilikitaka."

Kisha Bi Nalinga akafuta unga kwenye magoti yake. "Na mimi ningekitaka, siku ile. Sasa unafanyaje?"

"Nakivunja kijiwe cha nguzo hii, kile kinachoyapimisha masikio pamoja. Chote kilichotunzwa ndani nakifuta. Kijiwe kingine kitafika masika yameshaisha. Mpaka hapo mtakuwa mmekaa na wanaume zenu mkaulizana masikio yasikie nini na nani ayafungue. Lakini kuanzia leo, nyumba za chini ya genge hazina mlinzi."

Mwanamke mmoja alisimama kule nyuma. Alikuwa Nambike, mke wa Elieneza, mwenye watoto watatu. Genge lilikuwa limebakiza nyumba moja tu chini yake, na ilikuwa yake.

"Hazina, unasema, kama zipo kumi," alisema. "Sema yangu. Sema jina langu."

"Yako, Nambike."

"Kwa hiyo siri za hawa zifichwe kwa vichwa vya wanangu?"

Wanawake waliangalia sakafu. Nakijwa alikuwa amelipanga jibu njiani, lakini lilipomtoka lilikuwa fupi.

"Hamia kwangu leo. Nyumba yangu iko juu shuleni, nguzo ya pale inafanya kazi. Mimi nitakaa kwako."

*

Kijiwe kilikuwa kidogo kuliko jino la maziwa. Alikiweka juu ya jiwe chini ya nguzo, akakiponda kwa nyundo, akafuta kilichotunzwa, akafunga kifuniko. Kwenye kioo doa lilianza kuruka.

Watoto wa Elieneza walikuwa wameshabeba magodoro. Nambike alimzungusha Nakijwa nyumbani kwake kama anavyozungushwa mgeni, haraka haraka, bila kumtazama. Hapa panavuja, weka sufuria. Dirisha hili halifungi. Mlango huu ukilowa unavimba, uusukume kwa bega. Alipomaliza alisimama kizingitini na mtoto wake mdogo kiunoni.

"Mama Kajiru. Na wewe ukilia?"

"Mtanisikia. Mtajua kuna mtu."

"Na pa kuchimba?"

Nakijwa aliangalia chumba: kuta za tofali, meza, genge jeusi likionekana dirishani, limelowa, linachuruzika.

"Nitalala hapa," alisema. "Karibu na mlango. Mwambie Elieneza, na umwambie kila mwenye jembe. Mlangoni. Wasiende jikoni."

Nambike alirudia neno hilo kwa sauti ya chini ili alishike, akamweka mtoto vizuri kiunoni, akapanda njia ya shuleni. Upande wa pili wa barabara mtu aliiwasha mashine. Mkanda ukachukua mwendo, mlio ukapanda mpaka ukajaa bonde, na ndani yake hakuna neno hata moja lililosikika. Nakijwa akakivuta kitanda mpaka kikagusa mlango, akaujaribu kwa bega kama alivyoambiwa, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.